Kurejesha msitu wa asili kwenye uwanda wa malisho ili kuuza kaboni: tuanzie wapi?

Katibu wa Kamati (Micheweni)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kamati ya uhifadhi ya shehia moja katika Wilaya ya Micheweni, Pemba, upande wa mashariki, na naleta kwenu suala ambalo kamati yetu imelijadili kwa muda mrefu bila ya kufikia uamuzi.

Shehia yetu ina uwanda wa maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, unaokadiriwa kufikia hekta 150. Wazee wanaeleza kwamba zamani palikuwa na msitu wa mikaaga, mijoma na milapaa mnene kiasi cha mtu kupotea ndani yake, lakini leo kilichobaki ni majani mafupi, mikwamba na mitopetope iliyotawanyika, pamoja na visiki vingi ambavyo kila masika huchipua na kila kaskazi huliwa na mbuzi au kuunguzwa na moto. Watu wetu wanautumia uwanda huo kwa malisho. Wengine huwafunga ng'ombe wao kwa kamba asubuhi na kuwahamisha jioni, wengine wanaachia mbuzi wakajitafutie. Akina mama wanaokota kuni humo, na pembezoni wapo wachache wanaolima mtama na kunde kwenye vishimo vyenye udongo.

Hivi karibuni ilikuja kampuni moja ikitupendekezea kwamba tuufunge uwanda wote dhidi ya mifugo kwa miaka 30, tuiache miti ya asili irudi, na kaboni itakayohifadhiwa ndani ya miti hiyo iuzwe kwa wanunuzi wa nje, halafu mapato tugawane. Rasimu ya mkataba tuliyooneshwa ina kurasa nyingi na yote imeandikwa kwa Kiingereza, na tumeombwa tutie saini ya awali kabla ya masika. Mmoja wa maofisa wao alisema pia kwamba tukipanda mikeshia badala ya kungoja miti ya asili, fedha zitakuja mapema zaidi.

Ninaomba msaada wenu katika mambo haya. Je, msitu wa maweni unaweza kweli kurudi wenyewe mahali palipochungwa kwa miaka mingi? Kwa eneo kama letu, kaboni ni ya kiasi gani hasa? Ni nani mwenye haki ya kuiuza, ikiwa ardhi ni ya serikali na miti ni ya wananchi? Na kubwa kuliko yote, wenye ng'ombe tuwaambie waende wapi? Kijana mmoja aliniuliza suala hili mbele ya mkutano, nami sikuwa na la kumjibu.

Mstaafu wa Misitu (Unguja)

Waalaykum salaam, Katibu. Nimefanya kazi za misitu kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na maweni ya kusini Unguja, kuanzia Muyuni hadi Mtende, nayajua kwa miguu. Nitajibu masuala yako mawili ya mwanzo kwa urefu, kwa sababu ndiyo ninayoyaweza, na hayo mengine nitawaachia wenye ujuzi nayo.

Msitu wa maweni unarudi. Hili sina shaka nalo. Umesema mwenyewe kwamba visiki vinachipua kila masika, na hapo ndipo penye jibu lako: chini ya yale majani mafupi kuna mizizi hai iliyojipenyeza kwenye nyufa za mawe, na mizizi hiyo ina nguvu ya kusukuma matawi mapya mwaka baada ya mwaka. Mche uliotoka kitaluni hauwezi kushindana nayo, kwa sababu mche unaanza na mizizi ya kiganja kimoja juu ya jiwe lisilo na maji, ilhali kisiki kina mizizi ya miaka mingi. Kinachouzuia msitu usirudi ni meno ya mbuzi, moto na panga. Ukiviondoa hivyo vitatu, au hata ukivipunguza kwa utaratibu, utaona vichaka vinapanda ndani ya misimu michache tu. Ndege watakuletea mbegu za aina ambazo visiki vyake vimekwisha kufa, na kwenu Pemba mna popo wakubwa wa Pemba, ambao walikaribia kutoweka katika miaka ya 1980 na sasa wamerudi, nao ni wapandaji wazuri wa mbegu za matunda ya porini. Ikiwa shehia yenu haiko mbali na msitu wa Ngezi, basi mna chanzo cha mbegu ambacho watu wa sehemu nyingine wangekitamani.

Kazi inayofanywa kwenye visiki ni rahisi na haihitaji fedha nyingi. Kisiki kimoja cha mkaaga kinaweza kutoa machipukizi mengi yanayogombania mwanga na maji. Unachagua matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye afya, unayakata mengine karibu na shina, unapogoa matawi ya chini ya yale uliyoyaacha, halafu unayawekea alama ya kitambaa ili mchungaji na mkata kuni wajue kwamba kisiki hicho kina mwenyewe. Yaliyokatwa yanakuwa kuni, na majani yake huliwa na mbuzi waliofungwa nyumbani. Kule Dodoma njia hii inaitwa Kisiki Hai, na imeenea katika vijiji vingi vyenye mvua ndogo kuliko yetu.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Humbo, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Milima iliyokuwa imevuliwa miti na kuchungwa hadi mawe yakatokeza ilifungwa dhidi ya mifugo, visiki vikatunzwa, na eneo la hekta 2,728 likasajiliwa mwaka 2009 chini ya utaratibu wa kaboni wa Mkataba wa Kyoto, ule wa kimataifa wa mabadiliko ya tabianchi. Sehemu kubwa ya msitu ule ilirudi kutoka kwenye visiki. Wananchi walijiunga katika vyama saba vya ushirika, wakaacha kuingiza ng'ombe mlimani, na badala yake wakawa wanakata majani na kuyabeba hadi nyumbani. Zingatia hilo la majani, Katibu, kwani ndilo linalogusa suala lako la mwisho.

Kuhusu mikeshia, nakuombeni msikubali. Najua inakua haraka, na katika mashamba ya kuni ya serikali ina mahali pake. Lakini chini ya mkeshia hakuna kinachoota vizuri, majani yake makavu yanalala tabaka juu ya tabaka na kuwa chakula cha moto, na hauna faida kwa paa wala kwa popo. Isitoshe, wanunuzi wengi wa kaboni siku hizi wanalipa bei nzuri zaidi kwa msitu wa asili wenye viumbe wake kuliko kwa shamba la aina moja ya mti. Uwanda uliojaa visiki hai vya asili ukiupanda mikeshia, unafukia mali uliyonayo tayari. Na mwarobaini nao muung'oe mapema, kabla haujatawala.

Sasa kaboni. Nitafanya hesabu wazi ili kila mjumbe wa kamati aweze kuirudia mwenyewe. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Wataalamu hutumia uwiano wa 0.47. Kila tani ya kaboni inalingana na tani 3.67 za hewa ya ukaa, na hati moja ya kaboni ni tani moja ya hewa hiyo. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba hekta moja ya uwanda wenu itaongeza tani mbili za uzito mkavu kwa mwaka, mizizi ikiwa ndani ya hesabu. Hizo ni takriban tani 3.45 za hewa ya ukaa kwa hekta. Kwa hekta 150 tunapata kama tani 517 kwa mwaka. Miradi ya aina hii hulazimika kuweka sehemu ya hati zake katika akiba ya pamoja kama kinga dhidi ya moto na ukataji. Tukichukulia asilimia 20, zinabaki hati 414. Kila hati ikiuzwa kwa dola 10, mapato yote ya mwaka ni dola 4,140. Ikiuzwa kwa dola 30 ni dola 12,400 na kidogo. Na hayo ni kabla kampuni haijachukua fungu lake.

Linganisheni na gharama. Kuandaa waraka wa mradi, kuleta wakaguzi wa nje wa kuuthibitisha na kurudia vipimo kila baada ya miaka michache hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na gharama hiyo haipungui sana kwa sababu tu eneo ni dogo. Kwa hiyo hekta 150 peke yake hazitoshi kubeba mradi kamili wa kaboni. Labda shehia kadhaa ziungane, au mtumie kiwango kilichotengenezwa kwa ajili ya jamii ndogo, kama Plan Vivo, ambacho kinataka angalau asilimia 60 ya mapato iwafikie wananchi wenyewe.

Kuna jambo la vipimo ambalo kampuni nyingi hazilielezi. Kaboni ya mti hukadiriwa kwa kupima unene wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na mara nyingi mashina membamba kuliko sentimita 5 hayahesabiwi kabisa. Nenda kwenye kichaka cha maweni cha miaka minane ukiwa na utepe wa kupimia: utakuta shina moja limegawanyika sita, kila moja nene kama mpini wa jembe au chini ya hapo, limejaa majani, ndege wamo ndani, na kwenye fomu linaandikwa sifuri. Msitu upo lakini hati hazipo. Ndiyo maana miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo migumu kwa mfugaji aliyenyimwa malisho, ndiyo pia ambayo fedha haziji. Muulizeni mwenye kampuni, na jibu alitoe kwa maandishi: nani atalipa katika miaka hiyo?

Mwalimu wa Skuli (Chake Chake)

Ninaongeza jambo dogo tu. Kwetu Pemba kila mtu anajua maana ya kukodisha mikarafuu: mtu anaangalia mazao yaliyoko mtini, anakisia, anatoa fedha. Tunajua pia kwamba dini yetu inakataza kuuza matunda kabla hayajadhihirika kukomaa, kwa sababu ya ule mashaka uliomo ndani yake. Baadhi ya mikataba ya kaboni inauza tani ambazo bado hazijaota, na mingine inauza tani zilizokwisha kupimwa na kukaguliwa. Hizi ni biashara mbili tofauti. Nashauri kamati ilipeleke suala hili kwa masheikh wa shehia kabla ya mkutano mkuu, kwani bila ya hivyo litaulizwa siku ya kutia saini, na litaulizwa kwa ukali. Kwa upande wa usalama wa wananchi pia, malipo baada ya kipimo ni salama zaidi kuliko ahadi ya tani za miaka 30 ijayo.

Mwanasheria wa Ardhi (Mjini Unguja)

Katibu, suala lako la haki ni zito na nafurahi kwamba umeliuliza kabla ya kutia saini.

Kwa Zanzibar, ardhi ya asili ni mali ya umma na iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 imelithibitisha hilo. Mwananchi ana haki ya kuitumia. Miti, kwa mila zetu na hata katika utaratibu wa sheria, inaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi. Kila mtu anajua minazi ya fulani iliyoko kwenye uwanja wa fulani. Lakini mnazi ulipandwa na mtu, na mkaaga uliochipua kwenye kisiki cha uwandani haukupandwa na yeyote. Ni wa nani? Na kaboni iliyomo ndani yake ni ya nani? Mkataba wowote usiojibu hili waziwazi unaiachia kampuni ijibu baadaye, mahakamani, ikiwa na mawakili wake.

Njia iliyopo ya kuipa jamii nafasi ya kisheria ni ile ya Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inayoruhusu jamii kuingia makubaliano na Idara ya Misitu ya kusimamia eneo la msitu wao. Makubaliano hayo, ambayo watu wengi wanayajua kwa jina la KOFMA, yalienea sana wakati wa mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili) ulioanza mwaka 2010 kwa ufadhili wa Norway, na shehia zaidi ya 40 za Unguja na Pemba ziliandaliwa. Jumuiya ya JUMIJAZA, inayoziunganisha kamati za misitu ya jamii, imetokana na kipindi hicho hicho. Kwa hiyo suala la kwanza la kisheria ninalokuuliza ni hili: je, shehia yenu inayo makubaliano hayo, yamekwisha muda au bado yapo hai, na uwanda wa malisho umo ndani ya mipaka yake? Ikiwa haumo, kamati yenu haina mamlaka ya kuufunga, sembuse kuuza kilichomo.

La pili, misitu na mazingira si mambo ya Muungano. Tanzania Bara ina kanuni zake za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na watu wanazitaja sana kwa sababu ya fedha zilizopatikana katika vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Msichukue karatasi za kule mkadhani zinakulindeni hapa. Iandikieni Idara ya Misitu na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, muulize ni utaratibu gani unaotumika kwa mradi wa kaboni katika ardhi ya umma Pemba, na jibu mlipokee kwa maandishi kabla ya saini yoyote, hata hiyo inayoitwa ya awali. Saini ya awali mara nyingi hubeba sharti la kutoongea na mnunuzi mwingine kwa miaka kadhaa. Lisomeni sharti hilo kwa Kiswahili. Mkataba usiotafsiriwa kwa lugha ambayo mchungaji anaisoma haukupata ridhaa yake, hata kama kidole gumba chake kimo ndani.

La tatu linahusu mifugo, na limetokea jirani. Kaskazini mwa Kenya kuna mradi mkubwa wa kaboni ya udongo katika nyanda za malisho, uliotaka wafugaji wabadilishe mpangilio wao wa kuchunga. Mwaka 2023 shirika la Verra, linalosajili hati hizo, liliusimamisha ili uchunguzwe upya. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo ikiwa ndani ya mradi huo, zilianzishwa kinyume cha sheria kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hebu fikirini: mradi mkubwa, wenye wanunuzi wakubwa duniani, ukatikisika kwa kosa la kutowauliza wachungaji. Ndiyo maana nasema mkutano wa shehia, wenye orodha ya majina ya wenye mifugo na muhtasari uliosomwa kwa sauti mbele yao, una thamani kubwa kuliko kikao chochote cha hotelini.

Mwenye Ng'ombe (Wete)

Nawashukuru wote waliotangulia. Mimi ni mwanamke, ninafuga, na ninataka mtu asikie upande wa anayeamka alfajiri kuwahamisha ng'ombe.

Ng'ombe kwetu ndiye akiba yetu. Mtoto akiugua au akipasi kwenda chuo, ng'ombe huuzwa. Ukiufunga uwanda kwa miaka 30, ng'ombe hawatakufa wala hawatakaa na njaa wakisubiri kaboni. Watapelekwa kwenye mabonde ya mpunga, na hapo kutakuwa na kesi kwa sheha kila wiki, au watapelekwa usiku ndani ya hifadhi, na hapo ndipo msitu mkongwe utakapoumia ili msitu mchanga uote. Nimesikia kwamba hata wakaguzi wa kaboni wanalihesabu hilo, yaani uharibifu uliohamishiwa kwingine unatolewa kwenye hati zenu. Kwa hiyo kumfukuza mfugaji ni hasara hata kwa huyo mwenye kampuni.

Kuna njia ya kati. Wasukuma wa Shinyanga wana utaratibu wao wa kale wa ngitili: wanafunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani na miti vipumzike, kisha wanaifungua wakati wa kiangazi kwa mifugo iliyokubaliwa. Utaratibu huo ulikuwa umedhoofika, lakini programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga iliyoanza mwaka 1986 iliufufua, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti. Mifugo haikuondolewa, ilipangiwa zamu. Na kule Makame, wilayani Kiteto, wafugaji wa Kimasai wana mradi wa kaboni huku wakiendelea kuchunga kwa mpango waliojiwekea.

Kwa hiyo nisingekubali uwanda wote ufungwe. Ugaweni. Sehemu ya kwanza ifungwe kwa misimu kadhaa, mpaka machipukizi yapite mdomo wa ng'ombe. Hapo ng'ombe waruhusiwe kuingia kwa kamba wakati wa kiangazi, nao watakula majani yanayoleta moto, na sehemu ya pili ifungwe. Mbuzi ni suala jingine kabisa. Mbuzi husimama kwa miguu miwili, huvuta tawi chini na kumaliza kila chipukizi laini, kwa hiyo mbuzi lazima afungwe nyumbani na kukatiwa majani. Hilo linawezekana, vijana wetu kila siku tunawaona barabarani na baiskeli zilizobeba mizigo ya majani mpaka mpandaji haonekani. Kinachotakiwa ni kwamba majani yaliyomo ndani ya eneo lililofungwa yawe haki ya wale waliotoa malisho yao, wakayakate bure, na wasije watu wengine kuyakata kwa ajili ya kuuza. Tena apandiwe mtu majani ya malisho na milusina karibu na banda lake kabla uwanda haujafungwa. Kabla, sio baada.

Na akina mama wa kuni msiwasahau kwenye orodha. Mwanamke asiye na ng'ombe hatatajwa na yeyote, ilhali yeye ndiye atakayekamatwa na mlinzi akiwa na mzigo kichwani.

Katibu wa Kamati (Micheweni)

Nimesoma majibu yote na nimeyachapisha kwa ajili ya wajumbe. Allah akulipeni kheri.

Kwa suala la mwanasheria: makubaliano tunayo, lakini nimeitazama ramani na sehemu kubwa ya uwanda wa malisho iko nje ya mpaka uliochorwa, kwa kuwa wakati ule kilichohesabiwa kuwa msitu ni vichaka vilivyosimama tu. Hili peke yake limetosha kunionesha kwamba hatuwezi kutia saini kabla ya masika, na nitaiarifu kampuni hivyo kwa barua.

Bado nina masuala mawili. Ikiwa fedha za kaboni kwa eneo letu ni ndogo kiasi hicho, je, tuache kabisa? Na ikiwa tutaendelea bila ya kampuni, tunapaswa kuanza kuweka kumbukumbu gani sasa hivi, ili siku tutakapoungana na shehia nyingine tusiambiwe kwamba msitu ulikuwepo tangu zamani na hatustahili kitu?

Mstaafu wa Misitu (Unguja)

Msiache, Katibu. Wapwani wenzetu wa Gazi, Kenya, wana mradi wa mikoko unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioidhinishwa mwaka 2013, wenye hekta 117 tu. Unauza takriban tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yamewaletea maji na vitabu vya skuli. Wao walibahatika kwa sababu tope la mikoko linashika kaboni nyingi sana kwa eneo dogo. Nanyi mkiwa upande wa mashariki wa Micheweni, bila shaka mna mikoko karibu. Mradi mmoja unaounganisha uwanda na mikoko ya shehia tatu au nne una uzito ambao uwanda peke yake hauna. Halafu kuna faida zisizosubiri mnunuzi: kuni za kupogolea, asali, majani, na kisima ambacho hakikauki mapema. Katika zile shehia nilizozifahamu, kamati zilizodumu ni zile zilizokuwa na sababu ya kuutunza msitu hata fedha za nje zisipokuja.

Kuhusu kumbukumbu, suala lako la pili ni la maana kuliko unavyodhani. Mkaguzi atataka kujua uwanda ulikuwaje kabla hamjaanza, na kwamba haukufyekwa kwa makusudi ili upandwe upya. Viwango vikubwa vinataka eneo lisiwe limefyekwa msitu wa asili ndani ya miaka 10 iliyotangulia. Kwa hiyo mwaka huu huu, kabla chipukizi la kwanza halijafungiwa kitambaa, zungukeni mpaka wa uwanda pamoja na sheha, wazee na wafugaji, mkichukua alama kwa simu kila penye kona, na watu wa shehia jirani wawepo ili wakubali mpaka. Chagueni sehemu kama ishirini zilizotawanyika, si zile nzuri tu, mpige kigingi cha chuma kwenye jiwe katika kila moja, na kutoka kwenye kigingi hicho mpige picha nne kuelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Rudieni picha hizo kila mwaka mwezi ule ule, na mwezi mzuri ni wa mwisho wa kaskazi, wakati majani yamekauka na mti hai unajitenga na mti mfu. Ndani ya mduara wa mita 10 kutoka kwenye kigingi hesabuni visiki hai, andikeni jina la kila aina kama wazee wanavyoliita, na mpime shina lolote linalozidi sentimita 5.

Orodhesheni pia mifugo: kila kaya, ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, na wanachungwa wapi kwa miezi ipi. Mwenye Ng'ombe amesema kweli kwamba hao ndio watakaouamua mradi huu, na bila ya orodha hiyo hamtaweza kuthibitisha kwamba hamkuwahamishia watu wengine matatizo yenu. Daftari liwe mbili, moja likae kwa sheha na jingine kwa kamati, na kila ukurasa utiwe saini na mfugaji mmoja asiyekuwa mjumbe.

Mkianza na robo ya uwanda, ile iliyo karibu zaidi na msitu uliosimama ili mbegu zifike haraka, masika haya yanatosha. Nikijaaliwa uzima nitakuja Pemba baada ya Idi, na nitafurahi kupita uwandani pamoja na vijana wenu kuwaonesha namna ya kuchagua machipukizi.